Waliocheza Wanakumbuka Nini? Uhakiki wa Michezo Isiyo na Kitabu, Kibaha na Kisarawe

Uhakiki wa tamthilia katika vyuo vyetu umesimama juu ya kitabu. Mwanafunzi anapewa Kinjeketile, anapewa Nguzo Mama, anapewa Kwenye Ukingo wa Thim, anaambiwa achambue fani na maudhui, naye anachambua: dhamira, migogoro, ujumbe, wahusika, mandhari, matumizi ya lugha. Sina ugomvi na hilo. Nami nimelifanya na nimepata alama zangu. Ugomvi wangu uko kwingine. Michezo mingi iliyochezwa katika nchi hii haikuwahi kuwa kitabu. Ilitungwa chini ya mwembe kwa siku tatu nne, ikachezwa kwenye kiwanja cha shule au mbele ya ofisi ya kijiji, ikaisha. Hakuna mswada wala mtunzi mmoja wa kumtaja kwenye jalada. Kilichobaki ni watu waliocheza, na watu hao, ukiwauliza habari za mchezo wao, kabla ya kukujibu wanacheka kwanza.

Makala haya yanahusu kicheko hicho. Wahakiki wengi hukipita haraka, wakakiita kumbukumbu za ujana, wakauliza swali walilokuja nalo: mchezo ulikuwa na ujumbe gani? Hapo mchezaji anakuwa mpole, anatafuta maneno ya mkutanoni, anasema ulikuwa unaelimisha jamii. Mhakiki anaandika, anaondoka. Nadai kwamba ameacha mchezo wenyewe nyuma, umo ndani ya kile kicheko.

Nimeichagua Kibaha na Kisarawe kwa sababu ndiko nilikochezea kwa miaka mitatu kabla ya kuja chuoni, katika kikundi cha vijana wa Mailimoja. Ni majirani, lakini si mahali pamoja. Kibaha iko kwenye barabara ya Morogoro, kilometa kama 40 kutoka Dar es Salaam, ni makao makuu ya Mkoa wa Pwani, na watu wake wametoka kila upande. Shirika la Elimu Kibaha, lililoanza miaka ya 1960 kwa msaada wa nchi za Nodiki na kukabidhiwa kwa serikali yetu mwaka 1970, lilileta walimu, waganga na wanafunzi wa makabila yote. Kisarawe, kule kwenye vilima vya Pugu na kushuka hadi Maneromango, ni Uzaramoni hasa. Kikundi cha Mailimoja kikienda Kisarawe kinakwenda ugenini, hata kama safari yenyewe ni ya asubuhi moja.

Na ugenini huko hakuna aliyekuwa anasubiri mradi uje kumfundisha maonyesho. Mdundiko ukipita, watu wanaacha masufuria jikoni wanaufuata, na watoto wanapotea vijiji viwili mbele. Msibani je? Mtani anavaa kanzu ya marehemu, anaiga mwendo wake na kikohozi chake, anadai deni ambalo halijawahi kuwapo, anakaa mlangoni jeneza lisitoke mpaka alipwe. Mfiwa analia na kucheka kwa wakati mmoja. Wazaramo na Wanyamwezi wametaniana hivyo tangu zama za misafara ya kwenda pwani. Watu waliolelewa katika maonyesho ya namna hiyo hawakai kimya kama sisi tunavyokaa Nkrumah Hall. Wamezoea kwamba anayeigiza anamgusa mtu aliyepo, na aliyeguswa ana haki ya kujibu. Yeyote anayehakiki mchezo uliochezwa Kisarawe na asilijue hilo, anahakiki nusu ya mchezo.

Nianze na wakubwa. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, ngonjera zilienea mashuleni na vijijini kama moto wa nyasi. Mathias Mnyampala ndiye aliyezipa ngonjera sura tunayoijua, na Ngonjera za UKUTA zilichapishwa mwaka 1970, yeye akiwa ameshafariki mwaka mmoja nyuma. Pamoja nazo vilikuwapo vichekesho, na ngoma zilizopewa maneno mapya ya siasa. Wahakiki wamekuwa wakali sana kwa sanaa hiyo. Wamesema ilikuwa kasuku wa chama, inarudia hotuba kwa vina na mizani, haina mgogoro wa kweli kwa sababu mshindi anajulikana tangu ubeti wa kwanza. Kwa yale yaliyoandikwa, nakubaliana nao. Ukizisoma leo nyingi zinachosha.

Lakini nilimwendea bibi mmoja wa Kisarawe, anayekaribia miaka 70, ambaye alicheza akiwa shule ya msingi mwanzoni mwa miaka ya 1970. Baada ya shikamoo na habari za nyumbani nikamwomba anitolee japo beti mbili za ngonjera yao. "Mjukuu wangu," akasema, "beti zimenitoka zote. Ila mto siusahau." Akaanza kucheka. Alikuwa amepewa kucheza mnyonyaji katika kichekesho, na ili apate kitambi walimfunga mto tumboni kwa khanga ya mama yake. Wageni wamekaa mbele, walimu wamesimama pembeni na fimbo. Katikati ya majigambo yake ya kibepari khanga ikalegea, mto ukaanguka miguuni pake. Kimya. Naye, mtoto wa darasa la tano, akauokota, akaupakata, akasema: "Jamani, nimejifungua! Nani atanilelea?"

Anasema uwanja ulilipuka, na mgeni rasmi alivua miwani kufuta machozi.

Sasa hapo, wanafunzi wenzangu, tufanye kazi yetu. Kichekesho kilichoandaliwa kilisema mnyonyaji ni adui na amekwisha. Mto ulisema mnyonyaji amezaa, na mtoto wake anatafuta mlezi hapahapa miongoni mwetu. Sidai kwamba mtoto yule alikusudia hayo. Alikuwa anajiokoa na aibu na fimbo. Lakini hadhira haikucheka kwa sababu mto umeanguka tu. Mto ukianguka peke yake ni ajali. Walicheka kwa neno lililofuata, na walilielewa vizuri kuliko ngonjera yote. Bibi amebeba neno hilo zaidi ya miaka 50 na beti zote ameziacha njiani.

Aliniambia jambo jingine ambalo sijaliona likisisitizwa katika uhakiki wa ngonjera. Watoto wote walitaka kucheza mnyonyaji. Kucheza mkulima mwema hakuna aliyetaka, alikuwa anasimama tu na jembe. Raha ya mchezo ilikuwa kwa mwovu, kwa sababu mwovu ndiye aliyeruhusiwa kuchekesha na kubuni. Nadhani ndivyo ilivyo hata redioni. Twende na Wakati, mchezo uliotangazwa na Redio Tanzania kuanzia mwaka 1993 kuhusu uzazi wa mpango na UKIMWI, ulikuwa na watu wema wengi, lakini jina ambalo wakubwa zetu wanalitaja haraka ni Mkwaju, yule dereva wa lori asiyetulia. Sanaa inayotaka kufundisha hupata shida hiyo siku zote: ujumbe amepewa mmoja na mchezo anao mwingine.

Walioliona tatizo hilo mapema ni walimu wa hapa hapa nchini. Penina Mlama, Amandina Lihamba na Eberhard Chambulikazi wa Idara ya Sanaa za Maonyesho, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walikwenda Malya, wilayani Kwimba, mwaka 1982 na 1983, na baadaye Msoga, huku huku Mkoa wa Pwani. Hawakwenda na mchezo mkononi. Walikaa na wanakijiji, wakachunguza pamoja matatizo yao, wakatunga pamoja kwa ngoma na nyimbo za pale pale, wakacheza, kisha wakajadili. Mlama aliyaeleza mawazo hayo katika kitabu chake cha Kiingereza cha mwaka 1991 kuhusu utamaduni na maendeleo. Jirani zetu Kenya walikuwa wamekwisha kuona nguvu ya njia hiyo, na gharama yake. Kamĩrĩĩthũ, karibu na Limuru, mwaka 1977, mazoezi ya Ngaahika Ndeenda yalifanyika hadharani na wanakijiji walikuwa wakiwasahihisha Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ lugha na matendo. Serikali ikaufunga mchezo mwezi Novemba, Ngũgĩ wa Thiong'o akawekwa kizuizini mwisho wa Desemba, na mwaka 1982 jukwaa lenyewe likabomolewa. Serikali haivunji jukwaa kwa sababu ya vina na mizani.

Hata hivyo, katika maandishi mengi ya sanaa shirikishi anayezungumza ni mtaalamu. Tunajua hatua za kazi: utafiti, uchambuzi, utunzi, onyesho, majadiliano. Nazikubali na zimetusaidia. Ila ni nadra kumsikia aliyecheza akisema siku ile alijisikiaje, alicheka wapi, alitetemeka wapi. Baadaye yalipokuja mashirika na fedha za miradi, hatua zile zikawa fomu ya kujaza, na mchezaji akawa idadi kwenye jedwali.

Hapo ndipo kikundi chetu kilipoingia. Shirika moja lilitaka mchezo wa kuhifadhi misitu, uchezwe katika vijiji vilivyo karibu na msitu wa Kazimzumbwi wilayani Kisarawe. Tulipewa mambo ya kusema na tukatunga kwa siku nne. Wahusika wakuu walikuwa watatu: Mchoma Mkaa, mtu mjinga na mkaidi, mke wake, mwenye busara, na Bwana Misitu, ambaye kazi yake ilikuwa kujua kila kitu. Mwisho Mchoma Mkaa anatubu na kupanda mti. Katika vijiji viwili vya kwanza ulikwenda kama ulivyopangwa, watu wakapiga makofi, na kusema kweli katika vijiji hivyo viwili hakuna mmoja wetu anayekumbuka chochote isipokuwa jua.

Kijiji cha tatu ni habari nyingine. Tulipiga ngoma, watu wakaja, tukaanza. Mwenzetu aliyecheza Mchoma Mkaa alikuwa amejipaka vumbi la mkaa mpaka masikioni. Bwana Misitu akamuuliza, kama ilivyopangwa, kama haoni kwamba anamaliza msitu. Kabla hajajibu, mzee mmoja wa mstari wa pili akasimama: "Muulize huo mkaa unakwenda wapi!" Watu wakaguna. Na Mchoma Mkaa, bila kutoka katika uhusika, akamgeukia Bwana Misitu: "Haya, mkubwa, umesikia. Na wewe kwako Dar mnapikia nini?"

Bwana Misitu alikuwa kijana wa miaka 20 na maneno yake ya kukariri. Swali hilo halikuwamo. Akasema, "Gesi." Nakwambia ule uwanja! Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akapaza sauti: "Mtungi shilingi ngapi?" Kuanzia hapo mchezo haukuwa wetu tena. Mke wa Mchoma Mkaa, aliyetakiwa kumsema mumewe, akahamia upande wa mumewe na kuanza kumwonyesha Bwana Misitu vidole vilivyoungua tanurini. Watu wakaeleza bei ya gunia pale kijijini na bei yake likifika mjini. Kijana mmoja akasema waziwazi kwamba msitu kweli unakwisha, na baba yake alikuwa akiingia hatua 20 tu kutafuta mti ambao yeye sasa anautafuta nusu siku. Hilo hakulisema kwa kumjibu Bwana Misitu. Alilisema kwa kumjibu Mchoma Mkaa, aliyekuwa amekwisha kuwa mtu wao. Saa nzima ikapita hivyo. Toba haikuchezwa. Mti haukupandwa.

Ripoti niliiona baadaye. Ilisema wanakijiji wameupokea ujumbe vizuri.

Nimewauliza wenzangu watano tuliocheza pamoja, mmoja mmoja, wanakumbuka nini katika miaka ile mitatu. Wote, bila kuambiana, walianza na siku hiyo, na wote walianza kwa kucheka. Maneno tuliyoandaa hakuna aliyeyakumbuka. Aliyecheza Bwana Misitu, ambaye kwa haki alikuwa na sababu ya kuichukia siku hiyo, ndiye anayeisimulia kwa mapenzi zaidi. Anasema ndiyo siku pekee aliyoogopa kama mtu anayeulizwa kweli. Kwa lugha yetu ya darasani tungesema mhusika bapa aligeuka mhusika duara, na hilo halikufanywa na mtunzi. Lilifanywa na mzee wa mstari wa pili kwa sentensi moja. Sasa tuniambie, katika jedwali la fani na maudhui mzee huyo anaingia wapi? Ni hadhira? Ni mtunzi? Ni mhusika? Mimi nasema ni vyote vitatu, kama mtani wa msibani.

Yuko atakayepinga kwamba kumbukumbu si ushahidi, kwa kuwa watu husahau na hupamba. Ni kweli. Hata katika kikundi chetu wawili wanasema aliyeanza si mzee bali yule mama wa mtungi, na mmoja anaapa kwamba Mchoma Mkaa alijibu kwa Kizaramo, ingawa mwenyewe ni Mhehe! Lakini katika fasihi simulizi ngano moja ikiwa na matoleo matano hatuitupi. Tunayalinganisha, tunauliza kwa nini huyu ameongeza na yule amepunguza. Anayesema Mhehe alijibu kwa Kizaramo anatueleza jambo: kwamba siku ile mgeni alikubaliwa kuwa mwenyeji. Wanakijiji walitupa mihogo ya nazi, nanasi na chai, wakakataa tusiondoke kabla ya kula. Hakuna kijiji kingine kilichotulisha. Kwingine tulikuwa watu wa posho, na mwenye posho halishwi. Kwa mila za ngoma, mchezaji analipwa na aliyechezewa. Fedha za mradi zikija zinamlipa mchezaji kutoka mbali, na mwenye uwanja anabaki bila deni na bila haki ya kudai. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya maonyesho mengi ya miradi kuwa baridi, na haihusiani kabisa na vipaji vya wachezaji.

Pingamizi zito zaidi ni jingine. Kumbukumbu tamu inaficha. Kikundi chetu kilianza na wasichana watatu, kikaisha na mmoja. Mmoja wa waliotoka alikuwa mwimbaji wetu, na aliacha kwa sababu upande wa mchumba wake ulisema mke wa mtu hachezi mbele za watu. Wavulana wakisimulia, wanasema tu, "Kulikuwa na yule dada aliyeimba vizuri, sijui siku hizi yuko wapi." Wanajua yuko wapi. Yuko Mlandizi. Nilimwendea naye. Hakucheka kwanza kama wengine. Alinyamaza, kisha akaimba wimbo wa kufungulia wote mpaka mwisho, akiwa anachambua mchele. Yeye ndiye peke yake mwenye maneno. Waliobaki wana vituko, yeye ana wimbo, na ukitaka kuandika tolea la mchezo ule utamhitaji yeye kuliko wote tuliokuwa jukwaani siku ya mtungi wa gesi. Vivyo hivyo bibi wa mto: alipofikisha umri wa kuwekwa ndani kama mwari, kucheza shuleni kulikwisha. Hilo alilisema kwa sentensi moja, akarudi kwenye mto. Mhakiki lazima aisikie ile sentensi moja pia.

Kwa hiyo sipendekezi tukusanye raha za watu kama wanaokusanya stempu. Napendekeza swali libadilike. Badala ya kumwuliza mchezaji mchezo wenu ulihusu nini, tumwulize ni siku gani mchezo uliwaponyoka, nani aliupokea, na nani hakuwapo siku hiyo ingawa alitakiwa kuwapo. Majibu ya maswali hayo matatu yanatosha kuanzia uhakiki, nayo hayapatikani maktaba. Simu zetu zinarekodi. Nauli ya Kisarawe si ya kumshinda mwanafunzi anayeweza kununua nakala ya mwongozo wa mitihani. Na kule kwenu pia, iwe Newala au Kwimba, yupo aliyewahi kufungwa mto tumboni.

Bibi wa Kisarawe anasikia vizuri na jioni yuko nyumbani. Katika kundi lao la shule, kwa hesabu yake mwenyewe, wamebaki watatu, na mmoja kati yao ndiye aliyecheza mkulima mwenye jembe. Huyo bado sijamwona.